Ini Lisilotaka Maji

Nehemiah aliomba maji tangu alipoingizwa thieta ya upasuaji. Alikuwa mkata miwa wa Ekero, mabega mapana, mikono iliyochanikachanika kwa majani ya miwa, na upande wa kulia wa ini lake ulikuwa na uvimbe ambao usingetoka bila kutoka na kipande cha ini lenyewe.

"Sista, hata ya kulowesha ulimi tu. Kwa shamba nakunywanga jerikeni nzima."

"Leo nakutaka mkavu, ndugu yangu," Raisa alimwambia huku akimfunga mkanda wa kupima presha. "Ukijaa maji utatutesa."

"Basi mwambieni mke wangu Nanjala anichinjie ingokho, kuku mzima, nikirudi nyumbani."

"Nitamwambia," Musimbi, muuguzi wa vifaa, alidakia, "lakini firigisi ni yangu."

"Ah! Mwanamke na firigisi wapi na wapi? Hiyo ni ya mwenye boma!"

Walicheka wote watatu. Kicheko cha Nehemiah kiliishia katikati, dawa ikamchukua.

Kazi ya Raisa ni nusukaputi. Ni binti wa Ismail, mshona kanzu wa Mumias, na sehemu kubwa ya miaka yake hapa Kakamega ameitumia upande wa wazazi. Akina mama waliletwa kutoka Matungu na Butere midomo ikiwa imepauka, na kanuni ilikuwa moja: damu ikitoka, maji yaingie. Ulifungua dripu mbili hadi mwisho, ukaukamua mfuko kwa kiganja, mengine yakafuata. Mkono wake uliizoea kazi hiyo hata haukungoja kuagizwa. Akipita sokoni, wako wanaomwamkia, "Asalaam aleikum, Mama Dripu!" naye huitikia akijua kwamba aliyemsalimu nusura azikwe.

Ini lina mambo mengine. Limejaa damu kama sifongo, na mishipa inayoitoa damu hiyo kuelekea moyoni ina kuta laini mno. Mgonjwa akijazwa maji, mishipa hiyo inafura, na kisu kikiigusa, damu hufoka mahali pasipo na cha kushika. Ndiyo maana Daktari Kimutai, mpasuaji, alimkalisha Raisa chini siku iliyotangulia wakaelewana. Yeye angezungusha utepe kwenye shina la ini, aukaze damu isiingie, kisha aulegeze kila baada ya muda ini lisife. Lakini damu inayorudi kwa nyuma kutoka moyoni hakuwa na utepe wa kuizuia.

"Lango la mbele ni langu," alisema. "La nyuma ni lako. Usimpe maji mpaka nikwambie kipande kimetoka."

Sasa kipande kilikuwa hakijatoka. Kimutai alikuwa akikata kidogo kidogo, akifunga mshipa mmoja mmoja kwa uzi, na presha ya Nehemiah ilikuwa ikishuka. Raisa alimpa dawa ya kubana mishipa. Ikapanda, ikashuka tena. Mashine ikaanza kulia. Aliinama kutafuta sindano nyingine kwenye trei, na alipoinuka, presha ilikuwa imepanda vizuri. Moyo wa Raisa ukatulia. Ni ule utulivu anaoujua, wa mama anayerudiwa na rangi usoni.

"Daktari, hapa panajaa," Musimbi alisema.

Bomba la kufyonza damu lilianza kukoroma. Kimutai alikandamiza shashi kwa kiganja, ikalowa. Akaweka nyingine juu yake. Hakupandisha sauti.

"Raisa, ini limenivimbia. Umempa nini?"

Akatazama juu. Dripu ilikuwa inakimbia. Mkono wake mwenyewe ulikuwa ungali kwenye gurudumu dogo la kuifungulia, na hakukumbuka kuupeleka pale.

"Maji. Nimefungua mimi. Nafunga."

"Funga. Niinulie kichwa cha meza, damu ishuke miguuni."

Alifunga, akainua. Kimutai alikaza utepe, akaegemeza kiganja kwenye jeraha, akangoja. Presha ikaanza kuteremka upya, na safari hii Raisa alipaswa kuitazama tu. Mifuko ya damu waliyotoa wakata miwa wenzake Nehemiah ilikuwa karibu naye, baridi yake ikimfikia kwenye kiwiko. Aliongeza dawa ya kubana mishipa, kiasi kidogo, kisha akaweka vidole chini ya taya la mgonjwa. Mapigo yalikuwa membamba kama uzi. Kila moja lilipochelewa, mkono wa pili ulitaka kwenda kwenye dripu. Akaukalia kwelikweli: akaketi kwenye kiti chake cha chuma, akaubana chini ya paja.

Bomba likaacha kukoroma. Likabaki linavuta hewa.

"Nauona mshipa," Kimutai alisema. "Ulikuwa umechanika ubavuni. Uzi."

Alishona. Akakata tena, akafunga tena, mpaka akakinyanyua kile kipande kwa mikono miwili na Musimbi akakipokea kwenye bakuli. Utepe ukalegezwa.

"Mpe sasa."

"Una hakika?"

"Mpe, Raisa."

Alitundika damu, akafungua. Hapo ndipo palipomtisha kuliko kote, kwa sababu fundo lililofungwa kwenye mshipa mtupu halijajaribiwa. Presha ilipanda. Midomo ya Nehemiah ikapata rangi. Musimbi alitandaza shashi kavu juu ya ini lililokatwa, na wote wakainamisha vichwa. Alipoibandua, ilikuwa nyeupe, na doa moja pembeni lisilozidi ukucha.

"Mafundo yameshika," Kimutai alisema, akanyoosha mgongo.

Raisa hakuketi.

"Weka shashi nyingine," alimwambia Musimbi.