Kucha, Masikio, Jina

Chumba cha Eulalie kilikuwa nyuma kabisa ya nyumba, na mtu wa kutoka humo ilibidi apite katika chumba cha mama mkwe wake. Mama Georgette alikuwa ameweka kitanda chake karibu na mlango wa mbele, miguu ikitokeza, kwa hiyo anayetaka kufika nje lazima aivuke miguu hiyo. Dirisha la Eulalie lilitazama kilima. Huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, nyumba zimepandana kama watu wanaogombania kuona kitu, na wakati wa kujenga walichonga udongo kidogo tu, mtu akinyoosha mkono dirishani anagusa ardhi. Mvua ikinyesha, ukuta ule wa udongo ulitoa maji mekundu polepole, naye aliyatazama kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Ziwa lilionekana uani tu, karibu na mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi, tena kwa kusimama juu ya vidole. Kipande chake kilijitokeza katikati ya mabati mawili, kidogo kama ukucha.

Mume wake, Philémon, alikuwa amekwenda Kamituga kutafuta dhahabu.

“Nikipata kidogo tu, narudi,” alimwambia siku ya kuondoka. “Tutapanga nyumba Nguba, karibu na maji.”

“Nguba? Wewe ulioa muzungu?”

Walicheka. Wakati huo Eulalie alikuwa bado na mimba. Sasa Colette alikuwa anakaa mwenyewe, meno mawili yametoka chini, na baba yake hakuwa ametuma hata salamu kwa mdomo wa mtu.

Mwanamke mwingine angerudi kwao. Kwao Eulalie ni Nyantende, si mbali. Lakini ng'ombe wa mahari aliyetolewa kwa ajili yake hakukaa Nyantende hata majani yakapungua. Kaka yake Xavier alimchukua akaenda kuoa naye Kabare. Eulalie akirudi, watu wa Philémon watadai ng'ombe wao, Xavier atalazimika kumfuata kwa wakwe zake, na wifi yake, mwenye mimba ya pili, atafungashiwa virago. Njia yote ilikuwa imezibwa na mnyama mmoja ambaye Eulalie hata rangi yake alikuwa anaisahau.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kaka mkubwa wa Philémon, Apollinaire, alikuwa na mke. Asubuhi moja mke huyo alisema anakwenda kupima mtoto kwenye dispanseri, akamfunga mgongoni, akashuka. Mpaka leo. Mama Georgette hakumwona tena mjukuu wake wa kwanza. Basi kwa huyu wa pili aliweka sheria. Eulalie akienda kuteka maji, Colette anabaki mapajani mwa bibi yake. Eulalie akitoka na Colette, kwenda misa kwa mfano, bibi yuko pembeni, bega kwa bega, kikwembe kwa kikwembe.

“Sikufungi,” alikuwa akisema. “Nachunga tu.”

Hakuwa mkali. Hakupiga, hakunyima chakula. Alinusa mitungi yake ya kasiksi asubuhi, akauza, akahesabu watu waliokunywa, na jioni akaiweka miguu yake mlangoni.

Eulalie alianza kushuka polepole, kama ule udongo. Kwanza aliacha kusuka nywele. Halafu aliacha kula asubuhi, akisema bugali inamkaa kooni. Halafu asubuhi zenyewe zikawa nzito. Alisikia mtoto analia, akajua ni wake, akajua anapaswa kunyoosha mkono, na mkono ukakaa tu kwenye mkeka kama wa mtu mwingine. Maziwa yalipungua. Mama Georgette alimwekea uji wa mtama mlangoni, na macho yake yalikuwa yanapima.

Siku moja, akichochea makaa, Eulalie aliona vidole vyake. Chini ya kila ukucha palikuwa na mstari mweusi. Aliviangalia muda mrefu, na kilichomjia kichwani hakikuwa Philémon wala ng'ombe. Kilikuwa ni Madamu Delphine.

Madamu Delphine aliwafundisha darasa la tatu kule Nyantende. Kabla ya kuingia, wasichana walipanga mstari kwenye majani yenye umande. Nyoosha mikono. Geuza. Masikio. Halafu anaita jina, unaitika: “Prezanti,” yaani nipo. Mwenye uchafu hapigwi, anatumwa mtoni, anarudi, anaitwa upya. Na kabla ya kukaa kila mmoja anasema kitu kimoja alichokiona njiani. Msichana mmoja alimwuliza kwa nini wanapoteza saa ya hesabu. Madamu alisema: “Kwanza muwepo. Hesabu iko nyuma inakuja.”

Kesho yake Eulalie aliamka kabla ya mtoto. Alimimina maji kidogo kwenye beseni. Alichokoa kucha kwa kijiti, akaosha masikio, akachana nywele. Kisha alisimama katikati ya chumba, akasema kwa sauti ndogo, kama anamwita mtu aliye nyuma ya pazia:

“Eulalie?”

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu Philémon aondoke. Kwenye kitambulisho alichopewa na ofisi ya komuni aliandikwa Nsimire, kwa kuwa serikali ilikataza majina ya ubatizo. Majirani walimwita mama Colette. Mama mkwe alisema “bibi ya Philémon”, maana yake mke. Alisubiri, na kusubiri kwenyewe kulimtia hofu kidogo, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba mtu ataitika.

“Prezanti,” akasema.

Aliendelea hivyo. Na kwa kuwa hakuwa na njia ya shule ya kumwonyesha kitu, alilazimika kukitafuta humo humo ndani. Alisema: jana niliona sisimizi amebeba bawa la nzi, bawa limesimama kama tanga la kitoto. Jana niliona mama mkwe anapiga mtungi kwa kidole kabla ya kuufungua, kama anabisha hodi. Siku nyingine hapakuwa na kitu kabisa, akasema tu kwamba udongo wa dirishani umeotesha jani.

Haikumtoa popote. Kuna asubuhi aliitika “prezanti” na akajua anadanganya, akarudi kulala na beseni likabaki na maji yake. Lakini kesho yake alirudi mtoni, kwa maana ya beseni. Colette alipoanza kuamka mapema, alimkagua naye: mikono mbele, geuza, masikio. Mtoto alifikiri ni mchezo. Maziwa yalirudi kidogo.

Mama Georgette, upande wa pili wa ukuta wa mbao, alikuwa anasikia.

Alisikia sauti inaita jina ambalo humo ndani halitumiki, na sauti nyingine inaitika. Wazo la kwanza lilikuwa mwanaume. Alizunguka nyumba, akachungulia pale nyuma. Paka tu ndiye angepita. Basi likaja wazo la pili, baya zaidi. Alimwambia Mama Clémence, jirani anayeuza nyanya, kwamba bibi ya Philémon anaongea na udongo, na udongo unajibu. Kufika jioni, kwenye robine ya maji watu walimpisha Eulalie ateke kwanza. Hakuwa amewahi kupishwa. Ndipo akajua kuna kitu.

Jumapili baada ya misa akamkuta Papa Gaston uani, kaka wa marehemu mume wa Mama Georgette, kofia gotini, kikombe cha kasiksi mkononi. Kando yake alikaa Xavier, amevaa viatu vya kwenda harusini. Mama Georgette alikuwa na Colette mapajani. Kigoda kimoja kilikuwa wazi, nacho kilitazamana na wote watatu.

“Ukae, mutoto yangu,” alisema Papa Gaston. “Banasema unaongea peke yako.”

Eulalie alikaa.

“Mi nimetoka mbali na miguu juu ya hiyo,” mzee aliendelea, akimgeukia shemeji yake. “Bibi mwenye kuongea. Kama ni vile, wabibi wote ba Bukavu tubarudishe kwabo.”

“Usicheke, Papa Gaston. Anaita, banamwitika. Kila asubui. Nani anamwitika?”

“Umeuliza yeye?”

“Naanza wapi kumuuliza mutu wa vile?” Mama Georgette alimvuta mtoto karibu. “Mi sina ubaya naye. Aende kwabo apumzike kichwa. Mutoto atabaki hapa.”

Hapo Eulalie alielewa kilichomleta Papa Gaston. Si yeye wanayemtaka aondoke au abaki. Ni Colette. Alimtazama Xavier, naye Xavier akasafisha koo.

“Kama ni ugonjwa wa kichwa,” alisema, “ng'ombe harudi, si ndiyo? Akienda tu kupumzika?”

Papa Gaston aliangalia ndani ya kikombe chake.

Eulalie alitafuta maneno. Akisema hajaongea na mtu, ni uongo, wamemsikia. Akisema ameongea na nafsi yake, ndiyo basi, wamemkamata. Na akianza kueleza habari za majani yenye umande na darasa la tatu, atazidi kuonekana vile wanavyomwona. Kila mlango wa maneno ulikuwa na miguu ya mtu mbele yake.

“Mama,” alisema, “naomba beseni.”

“Beseni ya nini?”

“Nionyeshe. Msikie wenyewe.”

Papa Gaston alifanya ishara kwa kidevu, na Xavier akaleta beseni. Eulalie alijimwagia maji mikononi mbele yao, akachokoa kucha, akaosha masikio, akajifuta kwa pindo la kikwembe. Alinyoosha mikono kuelekea kwa mzee. Mzee, bila kufikiri, aliinama akaitazama kama anayenunua kitu sokoni.

“Geuza,” alisema. Eulalie aligeuza. “Safi.”

Kisha Eulalie alisimama wima, miguu pamoja, akaita: “Eulalie?”

Sauti ikaishia pale. Watu watatu walikuwa wanamtazama, nyuma ya ua Mama Clémence alikuwa ameacha kupanga nyanya, na neno la kuitika halikutoka. Alilitafuta. Mama Georgette alianza kutikisa kichwa taratibu, kwa huzuni kabisa, kama mtu aliyeona alichokihofia.

Colette aliacha shanga aliyokuwa anainyonya shingoni mwa bibi yake. Alimtazama mama yake pale aliposimama. Kisha alinyoosha mikono yake miwili mbele, viganja chini, akangoja, akaigeuza juu.

“Na hiyo ni nini?” aliuliza Papa Gaston.

“Ananijua,” alisema Eulalie. “Namukagua kila asubui, kama Madamu alitukagua ku masomo. Kucha, masikio, halafu jina. Napita tu mule, ili nisipotee. Mu hii nyumba hakuna mwenye kuniita, Papa. Njo maana najiita. Na naitika mwenyewe.” Akaweka miguu pamoja tena. “Prezanti.”

Mzee alicheka puani. Aliivuta mikono ya mtoto, akaikagua kidole kwa kidole, kwa heshima zote. Mama Georgette hakucheka. Alikuwa anatazama mikono ile midogo iliyonyooshwa, na midomo yake ilikuwa inasogea.

“Yule mwingine,” alisema baadaye, si kwa mtu fulani. “Bibi ya Apollinaire. Asubui ile alimuosha mutoto muzuri sana. Nilisema, leo umemupendeza.”

Papa Gaston alimaliza kikombe, akavaa kofia, na kofia ikishavaliwa maneno yanakuwa ya mwisho.

“Mutoto anabaki na mama yake. Bote babaki hapa mpaka Philémon atarudi, ao tutajua habari yake. Lakini ile ya kujifungia mu chumba na kuitana, ile hapana. Afanyie inje, hapa, batu bote basikie. Kitu cha mwangaza hakina shida.”

“Na kutoka na mutoto?” aliuliza Eulalie.

“Ile uongee na mama yako.”

“Anatoka na miye,” alisema Mama Georgette. “Vile vile.”

Xavier aliondoka na uso mwepesi. Ng'ombe alikuwa bado Kabare. Pale kwenye kona alimshika dada yake bega, akataka kusema kitu, akasema: “Umekonda.” Halafu akateremka na viatu vyake vya harusi.

Ile asubuhi iliyofuata kulikuwa na manyunyu. Eulalie aliivuka miguu ya mama mkwe wake, akatoka na beseni. Kile kitu chake kimoja, kilichokuwa cha siri, sasa kilikuwa uani kama nguo zilizoanikwa, na Mama Clémence alikuwa tayari ameinua shingo. Huenda wangecheka. Huenda kesho watoto wa mtaa wangekuwa wanamwigiza kwenye robine. Alifikiria kurudi ndani akalale.

Aliweka beseni chini. Kucha. Masikio. Alisimama, na kutoka pale, juu ya vidole kidogo, alikiona kipande cha ziwa, cha kijivu, hakijasogea.

“Eulalie?” Akasubiri. “Prezanti. Jana niliona Papa Gaston anamkagua mtoto, kofia gotini.”

Nyuma yake Mama Georgette alikuwa ameamka, akamchukua mtoto na kumfuata nje. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya mitungi yake, Colette mapajani, naye alimtazama Eulalie kuanzia miguuni kwenda juu, bila haraka, mpaka kichwani.

“Sikio la kushoto,” alisema. “Nyuma. Bado.”

Eulalie aligusa nyuma ya sikio. Kweli, palikuwa na majivu. Alirudi kwenye beseni akainama, akaosha, akanyanyuka, akasimama tena mahali pake ili aitwe upya.