Mshono wa Upande wa Kushoto

Zacharie Katsuva ni fundi wa bodi za magari. Alitoka Butembo akiwa kijana, akamwoa Pétronille, akapata kiwanja hapa Nyakasanza, mtaa wa Bunia, na tangu hapo kazi yake imekuwa moja: kulipokea gari lililogongwa na kulirudisha mpaka mwenyewe asijue tena lilipogongwa. Akimaliza hulizunguka amefumba macho, akipitisha kiganja juu ya bati. Kiganja kikisikia kitu, anaanza upya. Nimekaa nyuma ya ukuta wake miaka mingi. Nimemwona akikwangua rangi ya mlango mzima kwa sababu ya kibonde ambacho mwenye gari hakukiona hata alipoonyeshwa kwa kidole.

Gari lililomharibia jina lilikuwa Subaru ya bluu, yenye tundu pana juu ya boneti kwa ajili ya kuvuta hewa. Lilikuwa la Fabrice, mtoto wa Mama Débora mwenye duka la vitenge huko Mudzipela. Alilinunua Kampala, likaingia kwa njia ya Mahagi, usukani wake upande wa kulia kama magari yote yatokayo Uganda. Lilikuwa gari la mbio katika mji ambao lami yake ni ya katikati tu, kwa hiyo Fabrice alikwenda na kurudi palepale katikati, na watu walilisikia kabla ya kuliona.

Mara ya kwanza aligonga ng'ombe karibu na Nyankunde. Pua ya gari ilipinda upande wa kushoto, pamoja na mguu wa shasi, ule mwamba wa chuma unaopita kando ya injini na kubeba uzito wote wa mbele. Zacharie aliukata, akaunyoosha, akauchomelea. Fabrice alipokuja kuchukua gari lake alipitisha na yeye kiganja chake kwenye bati, akacheka.

"Papa Zacharie, weye iko muchawi!"

"Endesha pole. Uchawi yangu iko mu bati, haiko mu miguu yako."

Hazikupita wiki nyingi, rafiki yake Fabrice akaoa. Kwetu gari linalotangulia msafara wa arusi haliendi moja kwa moja. Linayumba kushoto na kulia, taa zote zinawaka, honi haiachiwi. Ni kumpa bibi arusi heshima, na dereva anayeyumba kuliko wengine ndiye anayesifiwa jioni. Fabrice alitangulia. Lori la mchanga lilikuwa limesimama pembeni mwa barabara, na Subaru ikaliingia kwa upande wa kulia, upande wa usukani. Alikuwa peke yake ndani. Hawakumfikisha hospitali akiwa hai.

Katika matanga, mjomba wake Antoine, mdogo wake Mama Débora, alisimama mbele ya watu.

"Ile gari ilichomelewa mbele. Ni sudire ya Zacharie iliachia."

Hakuna aliyeuliza amejuaje kwamba ni mshono uliochomelewa ndio ulioachia. Zacharie alikuwa palepale, amebeba viti vya kupanga chini ya turubai. Aliviweka chini taratibu. Watu walimpisha njia, hakuna aliyemtazama usoni, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba wamekubali.

Hakushtakiwa. Ingekuwa afadhali, kwa sababu mtu anayeshtakiwa hupewa nafasi ya kujibu. Magari yaliacha tu kuja. Dereva wa teksi aliyekuwa akimletea kazi kila mara alianza kupita na njia ya nyuma. Kanisani walimsalimu vizuri, wakamwuliza habari za Pétronille na za binti yao Ketsia, na hakuna aliyemwuliza habari za kazi.

Siku moja akavaa koti, akaenda Mudzipela kuomba mabaki ya lile gari. Nilikwenda naye. Mama Débora alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Antoine ndiye aliyejibu.

"Chukua. Siye hatutaki kuiona. Ni kazi yako, ukae nayo."

Vijana wa mtaa walilivuta kwa kamba mpaka kwake. Pétronille alikuwa akipepeta unga wa muhogo wa kuuza sokoni. Akauweka ungo chini.

"Baba Ketsia, unatuletea mufu mu parseli, hapa kwetu nyumbani?"

"Siyo mufu. Ni shahidi."

"Basi shahidi wako akae mbali na jiko yangu."

Zacharie aliniita kwa juu ya ukuta. Upande wa kulia wa gari ulikuwa umekunjamana mpaka kwenye kiti cha dereva. Boneti ilikuwa imejikunja, ikabidi aiinue kwa chuma. Kisha akanionyesha upande wa kushoto. Mshono wake ulikuwepo, mzima, wenye mistari midogomidogo kama magamba ya samaki, kutu imeanza tu pembeni. Chuma kilikuwa kimepinda mbele ya mshono, si kwenye mshono. Hata mimi, nisiyejua chuma, niliona. Akazungusha usukani kwa shida, na gurudumu la kushoto likaufuata.

"Unaona?"

"Naona."

"Haikuachia."

"Haikuachia. Sasa nenda leo hii umuite Antoine."

Zacharie alitazama ndani. Kiti kilikuwa na damu iliyokauka. Utepe mweupe wa arusi ulikuwa bado umefungwa kwenye kioo, na kiatu kimoja kilikuwa kimebaki chini ya pedali.

"Mama ile aone hii?"

"Muite Antoine peke yake."

"Ataenda kumuelezea. Hapana. Hata mufu wanamuosha kwanza, kisha watu wamuone."

Akaenda kuchota maji. Alisugua kiti kwa sabuni na burashi, akamwaga, akasugua tena, na baada ya muda Pétronille akaacha unga wake akawa anamletea ndoo bila kuambiwa. Kiatu walikifunga kwenye kitambaa na kukiweka juu ya kabati. Siku hiyo nilidhani wamefanya vizuri, na sijui kama kuna mtu mwenye roho ambaye angefanya vingine.

Nilimkumbusha tena. Akasema aondoe kwanza vioo vilivyovunjika, mtu asije akajikata. Baadaye akasema boneti haifunguki vizuri, atakapomwita mtu lazima ifunguke. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Kumbe mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi. Mtu aliyezoea maisha yake yote kuondoa alama za ajali hawezi kukaa na ajali uani kwake akaiacha ilivyo, kama vile Pétronille asivyoweza kupita kwenye sahani chafu.

Alifukia ekseli ya lori nyuma ya nyumba iwe kigingi, akafunga mnyororo, akaanza kuivuta pua ya gari kwa winchi ya mkono, kidogo kidogo, huku akikipasha chuma moto. Hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na kamba mbili. Moja aliivuta kutoka tundu la shasi la mbele kushoto mpaka la nyuma kulia, nyingine kutoka la mbele kulia mpaka la nyuma kushoto, zikapishana katikati kama msalaba. Urefu wake ukilingana, gari limenyooka. Zilipokaribia kulingana akawa halali vizuri, na zilipolingana alikuja ukutani kwangu na kamba zote mbili mkononi, akazinyoosha mbele yangu.

Umeme ulikuja na kukatika. Compressor yake ya kupulizia rangi ilitengenezwa kwa mota ya friji, na ilipochoka alingoja ipoe huku akisugua mastiki, ule ute wa kuziba mabonde ya bati, kwa msasa wa maji. Mlango na taa vilitoka kwa wauza vipuri wa Kampala. Boneti hakutaka kuibadilisha. Aliigonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga mpaka lile tundu la hewa likarudi kwenye umbo lake, na hilo peke yake lingemfanya fundi mwingine ajisifu mwaka mzima.

Mguu wa kulia wa shasi aliujenga upya. Ulipokamilika, mshono wake ulikuwa laini na safi, na ule wa kushoto, ule wa zamani, ukaonekana mbaya pembeni yake. Nilikuwa nimekaa hapo tukizungumza. Akachukua diski ya kusagia, akaulainisha ule wa kushoto, akapitisha moto juu yake, akaurudia, akausaga mpaka pande zote mbili zikafanana. Kisha akapaka rangi. Aliendelea kunisimulia habari za Butembo wakati wote huo, na mimi niliendelea kumsikiliza.

Gari lilipomalizika lilikuwa zuri kuliko siku Fabrice alipolileta kutoka Kampala. Zacharie alilizunguka amefumba macho, akarudi akiwa ameridhika, akatuma ujumbe Mudzipela kwa njia ya mchungaji. Walikuja baada ya ibada, Antoine na Mama Débora, na nguo zao za kanisa. Pétronille alitoa viti na chai. Antoine hakukaa.

"Onesha."

Zacharie alifungua boneti. Kila kitu kiling'aa.

"Sudire iko wapi?"

"Iko hapa, chini ya rangi." Akachukua karatasi ya msasa, akasugua upande wa kushoto mpaka chuma kikaonekana cheupe. "Unaona, ndugu? Haikuachia. Ingeachia, hapa pangepasuka."

Antoine aliinama. Alikitazama kile chuma kwa muda, akagusa kwa kidole, akageuka akaangalia upande wa kulia, akarudi.

"Hii na ile ziko sawasawa."

"Nilizilinganisha."

"Hii ni sudire ya zamani, ya mbele ya ajali, ao ni mupya?"

Zacharie alitazama mshono mmoja, kisha mwingine. Nikaona uso wake ukibadilika, na hapo ndipo na mimi nilipoelewa nilichokuwa nimekaa nikikitazama siku ile ya habari za Butembo.

"Ya zamani," akasema. "Lakini nilipita juu yake."

"Ulipita juu yake."

"Mimi niliiona," nikasema. "Siku gari ilifika. Ilikuwa mzima."

Antoine hakunigeukia hata. "Weye iko jirani yake. Unakunywa chai yake."

Wakati wote huu Mama Débora alikuwa upande wa dereva. Alikuwa amefungua mlango, akaweka mkono juu ya kiti, ambacho Zacharie alikuwa amekivika kitambaa kipya.

"Papa Zacharie. Hapa palikuwa nini?"

"Mama, palikuwa... Nilipaosha."

"Uliosha na nani?"

Zacharie akamtazama mkewe. Pétronille akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi, mama." Akaingia ndani, akatoka na kile kiatu kwenye kitambaa.

Mama Débora alikipokea, akakifungua, akakifunga tena.

"Damu ya mutoto yangu, mumeiosha ninyi wawili. Bila kuniita." Hakupaza sauti. "Kama sudire yako haikuachia, unataka niseme nini? Niseme ni mutoto yangu alijiua?"

"Hapana, mama. Sikusema vile."

"Ni vile umesema. Ni vile gari yako inasema."

Akatazama ubavu wa kulia, bati lilivyonyooka, rangi ilivyokolea.

"Umetengeneza muzuri. Sasa hata mimi mama yake sioni fasi alikufia."

Wakaondoka, chai ikabaki. Zacharie aliwafuata mpaka barabarani akawasihi wachukue gari, ni lao, hataki kitu. Antoine alimwambia alichome moto akitaka.

Ajabu ni kwamba baada ya hapo kazi ilikuja. Watu walikuwa wamelichungulia lile gari kwa juu ya ukuta. Wa kwanza alikuwa Orly, dalali anayeuza magari yatokayo Uganda, kijana mwenye maneno mengi. Alileta Toyota iliyopasuka mbavu.

"Muzee, niliona ile Subaru. Ile ni maajabu! Mutu alikufa mule na haionekane! Na yangu uifiche vile vile. Mununuzi akijua iligongwa, hatainunua."

Zacharie alifanya kazi. Alinyoosha, akachomelea, akapaka. Orly aliporudi alilizunguka gari akipiga miluzi, kisha akachungulia chini.

"Muzee, hapa umesahau rangi."

"Sikusahau."

"Sudire yote iko inje! Itashika kutu."

"Ishike. Mwenye kuinunua ataona fasi iliumia."

"Weye! Umekuwa nani, polisi? Nilikuambia uifiche."

"Hiyo siifiche tena."

Orly alimwita mzee wa wazimu, akalipeleka gari kwa fundi mwingine wa rangi, na madalali wote wakasikia. Wateja wachache wanaokuja sasa ni wale wasio na pa kwenda, na hata hao wanalalamika wakiona mishono isiyopakwa rangi. Pétronille ameongeza siku za soko. Jana nilimsikia akimwambia, bila hasira, "Kutu haipikwe, Baba Ketsia." Alikuwa akichomelea, akaendelea.

Subaru iko palepale nyuma ya nyumba. Hakuna mtu Bunia atakayeinunua, na yeye mwenyewe haiendeshi. Mara mojamoja huiwasha ili injini isikwame, na mtaa mzima hunyamaza kidogo kuusikia ule mngurumo. Kisha huizima na kuizunguka akiwa amefumba macho, akipitisha kiganja kwenye ubavu wa kulia, polepole, kutoka taa mpaka mlango wa dereva, akirudi na kurudia. Anatafuta. Hakuna kitu.