Ukuta wa Chumba cha Mama

Nitasema ukweli wangu mapema: nilikuwa namwonea wivu mdogo wangu, na wivu wenyewe ulikuwa wa ukuta.

Nyumba yetu iko chini ya mlima Wanale, Mbale. Baba, aliyekuwa askari wa magereza, aliijenga kwa matofali mabichi na mabati, kisha akaongeza jiko la nje, stoo ya kahawa na banda la ng'ombe. Yeye alikuwa Mgisu, mwenyeji wa hapo, mama ni mtu wa kaskazini. Walikutana kambini, na Kiswahili cha kambini kikawa lugha ya nyumba yetu. Mimi, binti wa kwanza, nilifuata njia ya baba, nikavaa sare mpaka nikastaafu, nikabaki Walukuba, kule Jinja. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyebaki na mama, na nyumba ikawa mikononi mwake.

Na mikono anayo. Nyumba ya udongo haikubali kusahauliwa hata msimu mmoja. Kila baada ya mvua mdogo wangu huchota udongo wa kichuguu, huuchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, huukanyaga kwa miguu mpaka ulainike, kisha huukandika ukutani kwa kiganja. Kwetu kila mwanamke huacha alama zake, nusu duara za vidole zinazopishana, na watu huzisoma kama mwandiko. Zake ni ndogo ndogo, zimepangika. Jirani akija, kabla hajakaa huzisifu. Mama naye hutikisa kichwa kwa fahari, utadhani kazaa mtoto mmoja tu.

Mimi nilipeleka sukari, sabuni, blanketi zito, hata mabati mapya ya banda la ng'ombe. Asante nilipewa. Lakini bati halina alama ya mkono wa mtu. Nilitaka mama alale ndani ya kazi yangu, aamke aione, aseme chumba hiki kanitengenezea binti yangu mkubwa. Nilitaka hilo tu, na lilininyima raha.

Basi mdogo wangu alipokwenda kwenye semina ya kanisa wiki nzima, nikaona hapo ndipo. Nilimtoa fundi kule Masese, Jinja, mtu aliyezoea kujenga kwa matofali ya kuchoma, nikafika naye Mbale na mifuko ya saruji. Aligonga ukuta wa chumba cha mama, akakuna kichwa.

“Madamu, hii iko udongo tupu. Simiti na udongo hapana sikilizana.”

“Wewe piga lipu,” nikamwambia. “Mimi sikuleta wewe kuhubiri.”

Akapiga lipu, ndani na nje. Ukuta ukawa wa kijivu, laini, umenyooka. Alama za mdogo wangu zilifunikwa moja baada ya nyingine, na sitadanganya, nilisimama nikizitazama zikiisha na roho yangu ikatulia kwa utamu. Mama alikuwa mlangoni na fimbo yake.

“Afande,” akasema, maana ndivyo anavyonitania tangu nivae sare, “sasa mimi iko nalala kwa ofisi ya bwana jela.”

Nikalichukua kuwa sifa. Mdogo wangu aliporudi aliingia chumbani, akapitisha kiganja ukutani, akatoka. Nilirudi Jinja nimeshiba.

Masika yote nilikuwa nakwenda Jumamosi moja kila mwezi, na kila mara nilipiga simu kwanza. Nilikuta kitanda cha mama kimetandikwa kikatandikika: shuka nyeupe, blanketi langu, kitabu chake cha nyimbo juu ya mto. Chumba kilinuka unyevu, nikasema ni mvua. Nilimwuliza mama analalaje.

“Vizuri, Afande.”

Mdogo wangu akageukia sufuria zake. Nikajiambia, kijicho hicho, acha na yeye aonje.

Mvua zilipokuwa zinaisha tulimzika Mbale askari mwenzangu mmoja mstaafu, na baada ya maziko nikapita nyumbani alasiri bila kupiga simu. Mama alikuwa kwa jirani. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwake tuonane, mimi na ukuta wangu. Kitanda kilikuwa mbao tupu. Lipu ilikuwa imevimba tumbo. Niliigonga kwa kidole ikalia utupu, nikaigonga tena, na bamba zima likaporomoka juu ya kitanda, pale pale panapokaa kichwa cha mama. Nyuma yake udongo ulikuwa uji.

Nikatoka mbio uani nikimtafuta mdogo wangu. Mlango wa stoo ya kahawa ulikuwa wazi. Kati ya magunia niliona godoro la mama sakafuni, blanketi langu, kitabu cha nyimbo, na paka asiye wetu amefungwa kamba kwenye nguzo. Mama yangu alipita vizuizi vya wanajeshi bila kupepesa jicho, lakini panya, hata aliyekufa, humtoa mbio.

Mdogo wangu alinikuta hapo.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu mvua ilianza. Ukuta yako ilianza toa jasho.”

“Na wewe ukanitandikia kitanda mwezi kwa mwezi, unicheke!” Nilikuwa napiga kelele, nguo za msiba mwilini.

“Mimi?” Akaitupa ndoo aliyoshika. “Mimi nilitaka ambia wewe siku ya kwanza. Mama ndiye alikataa! Ukipiga simu tu, anasema beba godoro, rudisha, Afande anakuja. Anatandika na mikono yake mwenyewe. Mimi nikiunguza maharage, Wanale yote inajua. Wewe umelaza yeye na panya mvua yote, anasema nyamaza, huyu ataumia. Mimi hapana umia? Niko hapa kila siku, dada. Kila siku!”

Alikuwa analia. Niliijua sura ile ya wivu, maana nilikuwa nimeivaa mimi miaka yote hiyo, na sikuwahi kudhani kuna mtu angeivaa kwa ajili yangu. Ningependa kusema nilimkumbatia. Kwanza nilifurahi, kidogo, kisha nikaona haya.

Alijifuta uso, akaenda kuleta jembe na udongo.

“Vua viatu,” akasema. “Udongo hapana kanyaga na viatu.”

Nikavua. Yeye alikanyaga upande wake, mimi wangu, na hatukutazamana. Mama aliporudi alitukuta tumechafuka mpaka magotini. Aliingia stoo, akamfungua paka kamba, akasema arudishwe kwa wenyewe.