Rangi ya Kucha Nyuma ya Kompyuta

Jumatatu ile hasira za Mama Rangi zilianza kabla hata hajakaa kitini. Alifungua mlango wa ofisi ya shule, akapokewa na harufu kali ya asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, akasonya bila kujua anamsonya nani. Akafungua madirisha yote mawili, akatundika mkoba kwenye msumari wake, akainama kuwasha kompyuta. Mashine ikaguruma. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka kwenye boksi lililokaa sakafuni karibu na goti lake la kushoto. Lakini kioo kilibaki cheusi tii. Kwenye kona yake kitaa cha rangi ya machungwa kiliwaka na kuzima, kiliwaka na kuzima, kama jicho la mtu anayekukonyeza msibani.

Alizima, akahesabu mpaka ishirini, akawasha tena. Kioo kimya, kama kimemwagiwa maji.

Mitihani ya darasa la saba ilikuwa ndani ya mashine hiyo, kurasa thelathini na nne alizozichapa mwenyewe, na mtihani wa kwanza ulikuwa kesho asubuhi. Mwalimu Mkuu alikuwa amekataza isitoke humo hata kwa flashi, kwa kuogopa isivuje. Saa sita mchana alitaka makaratasi yote mezani kwake. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo kila mtu pale shuleni alilijua na hakuna aliyelitaja. Mwalimu Mkuu alikuwa na shemeji, mdogo wa mkewe, mwenye cheti cha kompyuta na asiye na kazi. Mwaka huo peke yake Mwalimu Mkuu alikuwa amemuuliza Mama Rangi mara tatu, mbele za watu, kama hajachoka bado.

Miaka kumi na mmoja alikuwa kwenye kiti kile. Alianza kama mfagiaji. Karani wa zamani alipostaafu, akaambiwa ashikilieshikilie mpaka apatikane mtu, na mtu hakupatikana. Shule yake mwenyewe iliishia darasa la saba. Kompyuta aliisoma kwa macho: alisimama nyuma ya kila aliyeigusa akatazama mkono unakwenda wapi. Nyaya za nyuma ndizo zilizomtoa jasho, kwa hiyo alinunua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva, akapaka alama kwenye kila waya na alama hiyohiyo kwenye tundu lake. Doa moja umeme, madoa mawili kibodi, matatu kipanya, mstari mrefu waya wa kioo. Miaka miwili nyuma, fundi mmoja mzee alipotia kadi mpya ya picha, alimweleza kwamba kuanzia siku hiyo kioo kitachomekwa tundu la chini, kwenye kadi. Lile la juu halina kazi tena. Mama Rangi akalipaka la juu msalaba, kama kaburi. Walimu walicheka mpaka wakamtungia jina. Yeye akalivaa hilo jina kama kitenge.

Basi aliinama apapase nyaya, na Mwalimu Mkuu akaingia. Alitazama kioo, akamtazama yeye, akauliza tangu lini. Akajibiwa tangu asubuhi.

"Mama, usiguse kitu," akasema. "Umeshaiua, sasa usiizike. Namwita fundi."

Mama Rangi alitoka chini ya meza magoti yakiwa na vumbi.

Fundi alifika saa tatu na nusu, begi begani, manukato yakimtangulia. Alimpa mkono Mwalimu Mkuu, akauliza nani anayeitumia mashine hii, na alipoonyeshwa akamtazama Mama Rangi juu mpaka chini kama anayekadiria mzigo. Akachomoa nyaya, akafungua ubavu wa boksi, akatoa vijiti viwili vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Nyaya nazo akazirudisha kila mmoja palepale alipoukuta. Akawasha. Feni, taa ya kijani, kiza. Akaagiza kioo kingine kutoka maktaba, akakichomeka palepale. Kiza.

Mama Rangi alikuwa amesimama ukutani, mikono kifuani, akihesabu kila kitu kwa macho. Aliona kwamba fundi akibonyeza kitufe cha herufi kubwa, kitaa cha kibodi kinaitika. Na alisikia mashine ikilia tii moja fupi, kama inavyolia kila siku ya Mungu. Akasema, kwa adabu yote, kwamba mashine iko hai, maana siku vile vijiti vilipolegea ililia mara nyingi nyingi, na leo imelia moja.

"Mama yangu," fundi akasema bila kugeuka, "hii siyo mbuzi. Hatuisikilizi inavyolia."

Mwalimu Mkuu akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomwasha. Mtu anaweza kukutukana ukasahau, lakini kucheka na mgeni mbele yako, ofisini kwako, mahali ambapo umefagia kabla hujakaa, hilo halishuki na maji.

Fundi akafunga kazi yake kwa maneno makubwa. Bodi imekufa. Ataichukua mashine nzima dukani kwake, ataifumua, ataisafisha, itarudi siku ya tatu. Mama Rangi akauliza vilivyomo ndani je. Fundi akasema hawezi kuahidi. Mara nyingi huwa inarudi tupu.

Mwalimu Mkuu alivua miwani. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema watoto tisini watakaa kesho bila karatasi kwa sababu ya mtu mmoja anayeng'ang'ania kazi isiyo ya kiwango chake. Akasema saa nane, akitoka, amwachie mlinzi funguo za ofisi.

Kwa hiyo unga ndio umemwagika, hivihivi, kwa neno la fundi mwenye kifutio. Mama Rangi alimwona fundi anainama kubeba boksi, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshafika mlangoni, mgongo kwenye mlango.

"Mashine hii haitoki," akasema. "Mmenichekea, sawa. Mmenifukuza, sawa. Lakini nyuma yake sijatazama. Nitatazama kwanza, ndipo mtanipita."

Fundi akamtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akatazama saa. Hakuna aliyesogea.

Mama Rangi alipiga magoti, akaligeuza boksi kuelekea dirishani. Nyuma palikuwa panang'aa. Hapakuwa na doa, mstari wala msalaba. Chuma kitupu, kimesuguliwa kikasuguka kama sufuria ya bi harusi. Ile harufu ya asubuhi ikampanda tena puani, na sasa alijua alikuwa anamsonya nani.

Jumamosi iliyopita alikuwa amekuja kusafisha ofisi na binti yake, yule anayesoma chuo. Yeye alikwenda bombani kufua mapazia. Binti alibaki na meza. Aliporudi, pua bado imejaa sabuni, alikuta nyaya zimeshachomekwa, kila kitu kimepangwa, akafurahi, akafunga mlango bila kuwasha. Binti huyo tangu zamani alikuwa akiziangalia zile alama kwa jicho la pembeni, akisema mama yake anaifanya kompyuta ya serikali kama kidole cha mguu.

Mama Rangi alipitisha kidole nyuma ya boksi. Waya wa kioo ulikuwa umekaa tundu la juu, lile la kaburi. La chini lilikuwa wazi, na kwenye mfereji wa skrubu yake palisalia wekundu kidogo ambao asetoni haikuufikia. Akachomoa, akashusha, akakaza skrubu mbili kwa kucha. Hakumwambia mtu awashe. Aliinuka akawasha mwenyewe.

Tii moja. Kioo kikapepesa, kikaja cha bluu, na mafaili ya mitihani yakajipanga mbele ya macho ya watu watatu.

Fundi akasema na yeye ndiko alikokuwa anaelekea. Mama Rangi alimpisha mlangoni, kwa mkono, kama anavyopishwa mgeni aliyekaa kupita kiasi. Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akakohoa, akasema basi achape haraka, muda umekwenda.

"Nitachapa," akasema. "Ila funguo, Mwalimu, ulisema nimwachie nani? Sikusikia vizuri."

"Mama, hayo yaishe."

"Yataisha ukishaniambia."

Alitazama sakafu, mtu mzima yule, akasema funguo akae nazo. Akatoka.

Printa ilipoanza kumwaga karatasi, alimpigia binti simu. Angekuwa karibu angemfinya kama mtoto wa miaka sita. Alimsimulia yote kwa pumzi moja: mbuzi, kicheko, funguo, tundu la juu. Kisha binti akasema hakujua kwamba tundu moja limekufa, yote mawili yanafanana. Na akasema lile lililokuwa chini kabisa moyoni.

"Niliona aibu, mama. Siku moja nitakuja hapo na wenzangu, waone kompyuta imepakwa rangi ya kucha."

"Aibu," akarudia Mama Rangi. "Kiti hiki ndicho kilichokuvalisha viatu vya chuo. Leo kilikuwa kinakwenda kwa shemeji wa mtu, kwa sababu umeona aibu."

Binti alianza kulia. Siku nyingine yoyote sauti ile ingemmaliza nguvu. Leo Mama Rangi alimwambia Jumamosi aje, apige magoti mahali alipopiga yeye, azirudishe alama zote, mpaka ule msalaba. Kisha akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mwanawe.

Lakini Jumamosi ilikuwa mbali, na tundu moja halikuweza kungoja. Chupa ilikuwa mkobani, ndani ya soksi. Alivuta mstari kwenye waya wa kioo na mwingine chini yake kwenye chuma, mnene, mpaka ukachuruzika. Mwalimu Mkuu alipokuja saa sita kuchukua makaratasi, rangi ilikuwa bado mbichi. Aliiona, akauona na uso wa Mama Rangi. Akahesabu kurasa zake, zikatimia.