Kiti cha Kulia, Kutoka Kahama

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, siku niliyogeuzwa kuwa macho ya mtu mwingine, na sijawahi kuogopa hivyo tena hata kwenye mtihani wa fizikia.

Usikasirike nikikuita mwanangu. Najua uko sinia wani, mwaka wa kwanza wa sekondari, na mimi niko sinia faivu, na juzi tu tuligombania chapati kwenye kantini (ukashinda, Mungu anakuona). Lakini uzee si miaka, ni yale uliyoponea. Na ndevu ninazo. Zihesabu kama huamini, hutachelewa. Nasikia likizo hii baba yako anakwenda kuchukua gari Tanzania, na umeshatangazia darasa zima kwamba utakaa kiti cha mbele. Basi tulia hapo nikwambie kiti hicho ni cha nani.

Baba yangu alikulia Kahama, ndiyo maana nyumbani kwetu Batsinda, hapa Kigali, tunaongea Kiswahili na kugombana kwa Kinyarwanda. Alikuwa hajawahi kuwa na gari lake. Leseni alikuwa nayo toka ujana, ameitunza kama cheti cha ubatizo, na mara mojamoja aliazima gari la rafiki kwenda harusini. Siku moja binamu yake akampigia kutoka Kahama: kuna gari dogo lililotumika, lililetwa na meli kwa ajili ya Mkongo mmoja, Mkongo akabadili nia, sasa liko yadi linanyeshewa. Na usukani uko kushoto. Baba akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyeitwa jina lake redioni. Maana unajua, kwetu huku Rwanda tunaendesha upande wa kulia, na gari dogo la usukani wa kulia halipati namba. Yale ya Tanzania karibu yote usukani ni kulia. Kupata la kushoto Kahama ni kama kumkuta samaki sokoni akiwa bado anapumua.

Mama akasema, "Twende wote. Mimi nitakusaidia kuendesha."

Mama anaendesha kila siku pikapu ya duka la vigae pale kwenye makutano ya Sonatubes. Anapita katikati ya pikipiki kama uzi kwenye sindano. Lakini Baba akakataa. "Gari langu la kwanza nitaliingiza Batsinda mwenyewe," akasema. "Wewe tungoje Sonatubes, tukuchukue ukitoka kazini." Mama akamtazama, akatazama dari, akarudi kuchambua mchele.

Kwa hiyo tukaenda mimi na Baba kwa basi, na wakati wa kurudi tukawa watatu, kwa sababu Bibi, mama yake Baba, aliamua gari hilo haliwezi kuondoka Kahama bila yeye kuja kutusalimia Kigali. Akakaa nyuma na kapu lake.

Sasa sikiliza hapa, ndipo penye jambo. Tanzania wanapita upande wa kushoto. Ukiwa na usukani wa kushoto huko, wewe dereva umekaa kwenye majani. Lori likiwa mbele yako huoni kitu ila mgongo wake na maneno yaliyoandikwa pale nyuma. Anayeona kama kuna gari linakuja ni yule wa kiti cha kulia. Yaani mimi. Baba akanifunga mkanda mwenyewe, kitu ambacho hakukifanya tangu niko chekechea.

"Fiston," akasema, "utasema pita, au utasema ngoja. Maneno mawili. Sitaki hadithi."

"Na kama kuna mbuzi?"

"Fiston."

"Nauliza tu, Baba. Mbuzi naye ana haki zake."

Bibi akacheka kule nyuma. Baba hakucheka. Nikaona mikono yake imeshika usukani kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe na upepo. Na kila baada ya muda alirudia jambo lilelile: "Nataka tufike kukiwa bado mchana." Nilidhani anataka majirani waone rangi ya gari. Tena nikamtania: "Usijali, Baba, tutawapigia honi watoke na tochi." Akasema tu, "Nisomee lile bango." Nikamsomea. Lilikuwa bango kubwa kama ukuta wa darasa. Nami sikujiuliza, mwanangu. Macho hayana pazia, lakini akili yangu siku hiyo ilikuwa nalo.

Mwanzoni kazi ilikuwa tamu. "Pita, Baba, kuna baiskeli tu, na mwenyewe amekubali." Anapita. "Ngoja, linakuja basi lenye haraka zake." Anangoja. Nikajiona rubani. Kisha tukapita Nyakanazi, barabara ikaanza kupinda na kupanda, tukakwama nyuma ya lori la saruji linalopanda kilima kama mzee mwenye goti bovu. Moshi mweusi. Jua limepiga kioo cha mbele chenye vumbi la yadi yote ya Kahama. Nikachungulia: mbele kuna kilima, na nyuma ya kilima sijui kuna nini.

"Ngoja," nikasema.

Tukangoja. Nyuma yetu kukajaa magari. Mmoja akapiga honi, na wa nyuma yake naye akapiga.

"Fiston?"

"Ngoja."

"Mjukuu wangu umelala?" Bibi akauliza. "Hata kobe angekuwa ameshavuka mpaka."

"Ngoja kidogo, Bibi."

"Huyu dereva wa mdomo," Bibi akasema, "shuleni anajulikana kwa kusema, leo kapewa maneno mawili limebaki moja!"

Baba naye, aliyekuwa hajacheka tangu asubuhi, akacheka. Honi zikazidi. Masikio yakaniwaka moto. Hapo nilianza kuelewa kwamba neno langu linabeba watu watatu, na papo hapo sikutaka kuwa yule mtoto anayeogopa. Vitu hivyo viwili haviwezi kukaa kiti kimoja. Nikachungulia tena, nikaona moshi, jua na kilima.

"Pita," nikasema.

Baba akaniamini. Hilo ndilo linalonitoa jasho mpaka leo, mwanangu: hakuuliza mara mbili. Akakanyaga mafuta, tukatoka nyuma ya lori, tukawa sambamba nalo, na juu ya kilima likachomoza paa la basi, kisha uso wake mzima, na taa zikiwaka.

Sikusema ngoja. Sikusema kitu. Mdomo wangu, huu unaoujua, ulikauka. Bibi akaita jina la Bikira Maria kwa sauti ambayo nadhani huko mbinguni waliamka. Mwenye lori, Mungu ampe maisha marefu, akaingiza tairi zake kwenye majani kutupa nafasi. Baba akabana katikati. Basi likatupita likilia honi, na upande wangu ukasikika mlio mmoja mkavu, paa! Kioo cha pembeni, kile cha kulia, hakipo. Zimebaki waya zinaning'inia.

Baba akasimamisha gari pembeni. Akatoka, akachuchumaa kwenye majani akiwa ametupa mgongo. Nilitaka anipige, kwa kweli. Ingekuwa rahisi zaidi.

Bibi akaniinamia kutoka kiti cha nyuma.

"Uliona nini?"

"Barabara ilikuwa nyeupe, Bibi."

"Sijauliza barabara. Nauliza wewe, nyuma ya kilima, uliona nini?"

Nikatazama zile waya.

"Hukuona."

"Sikuona."

"Basi kwa nini ulisema pita?"

"Mlikuwa mnanicheka."

Nilidhani atanigombeza. Akatoa kitambaa, akafuta uso wake kwanza, kisha wangu, kwa kitambaa kilekile. "Mimi nilikucheka, na hilo ni kosa langu," akasema. "Lakini kicheko hakijawahi kumzika mtu, mjukuu wangu. Basi linazika." Kisha akashusha dirisha na kumwita mwanawe. "Na wewe! Njoo hapa."

Baba akaja akasimama vile ninavyosimama mimi mbele ya mwalimu wa nidhamu. Nakuapia sijawahi kuona jambo zuri namna hiyo, ila siku hiyo sikuwa na nguvu ya kulifurahia.

"Ulimpa mtoto pita na ngoja," Bibi akasema. "Ulimpa neno gani la kusema asipoona?"

Baba akageuza uso. Akaangalia barabara muda mrefu kupita kiasi, kana kwamba swali lile lilikuwa limempata mahali pengine kabisa.

"Sikumpa," akasema.

"Mpe."

Akaingia, akafunga mlango polepole. "Fiston. Usipoona, sema sioni. Sitakucheka."

Tukaendelea. Nilisema sioni mara nyingi sana mpaka tukafika mpakani Rusumo. Sioni, kuna vumbi. Sioni, kuna kona. Kila mara Baba alijibu, "Vizuri," na kungoja. Waliopiga honi wakapiga mpaka wakachoka wenyewe. Mwenda pole hajikwai. Na hata akijikwaa, anajikwaa polepole.

Tulipovuka daraja la Rusumo, tukahamia upande wetu wa kulia. Sasa Baba amekaa upande wa katikati ya barabara, anaona mwenyewe. Nikafungua ngumi zangu. Nikasema moyoni, kazi imekwisha, nikalala.

Niliamshwa na mvua karibu na Kabuga, Kigali ikianza kukaribia. Giza lilikuwa linaingia, lami imelowa, kila taa imekuwa taa mbili. Baba alikuwa anakwenda taratibu kiasi kwamba hata Sofia, zile kamera zetu zinazopiga picha wenye mbio, zingemwonea huruma. Shingo imenyooka, kifua karibu kigonge usukani.

"Ile mbele ni pikipiki au ni mtu?" akaniuliza.

Nikacheka. Ilikuwa ni kibanda cha basi. Kisha nikamtazama, kicheko kikanikwama. Jasho lilikuwa linamtoka ilhali dirisha limefunguliwa na mvua inaingia.

Mpaka Sonatubes nilikuwa namwambia kila kitu, bila kuombwa. Kulia pikipiki. Kulia mama na mwavuli. Kioo cha upande ule hakikuwepo tena, kwa hiyo nilijifanya nasema kwa ajili ya kioo. Naye akajifanya anasikiliza kwa ajili ya kioo.

Mama alikuwa amesimama mbele ya duka, na kipande cha boksi la vigae kichwani. Akaona waya zinazoning'inia. "Yewe! Kioo kimekwenda wapi?" Bibi akamjibu, "Ingia kwanza mwanangu, ni hadithi ya kuambiwa ukiwa umekaa." Akaingia nyuma, akafunga mlango. Baba akaweka gia. Gari halikuondoka. Mbele yetu makutano yalikuwa yamejaa taa nyekundu, nyeupe, za manjano, zote zinaelea ndani ya maji. Nyuma yetu wakaanza honi, kama zile za kilimani.

Baba akatoa mikono kwenye usukani.

"Sioni," akasema.

Nikadhani anauliza. "Kulia kuko wazi, Ba..."

"Hapana, Fiston. Mimi. Taa zikiwa nyingi sioni. Si leo tu, Mama Fiston. Ni mwaka sasa."

Mvua ikawa inapiga paa tone kwa tone. Nikakumbuka bango. Nikakumbuka "kukiwa bado mchana." Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio chetu kilikuwa kimetukosa kilimani kwa upana wa kioo kimoja. Baba alikuwa anasubiri Mama aseme kitu. Mama alikuwa na haki ya kusema mengi, na angeanzia pale sebuleni alipokataliwa kuendesha.

"Sogea, sha," Mama akasema, kama anavyotuita akiwa hana hasira.

Basi. Baba akahamia kiti changu, mimi nikaenda nyuma kwa Bibi na kapu. Mama akavuta kiti mbele, akatuvusha Sonatubes, akapita Kimihurura, akapanda na kushuka mpaka Batsinda bila kupandisha sauti wala gia bila sababu. Na katika kila kona Baba alisema kutoka pale kulia, "Pita. Ngoja. Sioni." Mama akamjibu, "Vizuri."

Majirani walitoka kweli, na miavuli. Na yule baba wa nyumba ya pili, anayejua kuchokoza kuliko hata mimi, akamwona Mama kwenye usukani, akapiga makofi: "Weee! Kumbe gari ni la mama! Na wewe mzee umepanda kama nani?"

Nikafumba macho. Nilijua Baba alivyolingoja gari hilo.

Baba akatoa kichwa dirishani, juu ya zile waya.

"Mimi ni kioo," akasema.

Wakacheka wote, naye akacheka nao, na Bibi akanifinya mkono mpaka ukauma.

Sasa Baba ana miwani mizito inayomfanya aonekane kama samaki anayefikiri. Mchana anaendesha yeye, usiku Mama. Kioo tulinunua kingine.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, ihifadhi kuliko unavyohifadhi siri zangu. Ukikaa kiti kile cha kulia usiseme pita kwa sababu watu wanapiga honi. Wenye honi hawatakuwa kwenye gari lenu litakapogongwa. Usiseme ngoja kwa uoga ukajifanya umeona hatari. Pale usipoona, sema huoni, hata wakikucheka, hata akiwa bibi yako. Na kabla hamjaondoka, mwambie baba yako akupe neno hilo la tatu, umsikie akilitamka kwa mdomo wake. Anaweza kulihitaji yeye kabla yako. Siku akilitumia, usicheke. Mimi nilicheka karibu na Kabuga, na kicheko kile bado sijakimeza.

Haya, nenda. Mungu akupe macho yanayoona mbali, na yakishindwa akupe ulimi wa kusema hivyo mapema. Akuwekee mwenye lori mwema kila kilima. Uvuke daraja la Rusumo ukiwa mzima, na baba yako mzima, mrudi Kigali na vioo vyote viwili.