Koti la Opiyo

Kabla ya kutoka kwenda popote, Mzee Jonah arap Bett alichota majivu kidogo kutoka kopo la zamani la ugoro, akayaachia hewani, akatazama yanaelekea wapi. Alifanya hivyo mlangoni pake asubuhi. Alifanya hivyo kwenye kituo cha kuuzia majani chai, wenzake wakiwa kwenye foleni na vikapu vyao. Jumapili alifanya hivyo kwenye ngazi za kanisa, na mchungaji alikuwa ameshazoea. Siku moja nilimwuliza kanisani kuna mnyama gani wa kuwinda.

"Hakuna," akasema. "Lakini ni vizuri kujua ni nani anasikia harufu yangu."

Shamba lake lilipakana na letu, ng'ambo ya Roret, mahali ambapo chai inaishia na korongo la Kipsonoi linaanza. Alikuwa na ekari moja na nusu ya chai, ng'ombe wawili, na upinde ambao baba yake alimwachia. Mkewe Rodah alifariki mwaka 1989. Watoto walikuwa Nakuru na Eldoret, wakija Krismasi na kuondoka kabla ya mwaka mpya. Mtu aliyebaki naye bomani alikuwa mpangaji, Opiyo, aliyefanya kazi kiwandani, sehemu ya kukaushia majani. Alitoka upande wa ziwani, alikuwa mrefu, na alivaa koti zito la rangi ya samawati hata jua likiwaka, kwa sababu alisema baridi ya Kericho imemwingia kwenye mifupa na haina nia ya kutoka.

Nguruwe mwitu walipofukua viazi vya mzee, Opiyo ndiye aliyekwenda naye korongoni. Hakuweza kulenga hata ghala. Kazi yake ilikuwa kushika.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu bila hili mengine hayaeleweki. Mzee alifundishwa na baba yake kwamba mtu aliyeua mnyama hamchuni peke yake. Anayeua hukata, mwingine hushika mguu. Mguu ukiwa mkononi mwa mtu wa pili, mnyama ameuawa hadharani, na kila kitu chake lazima kitumike na kigawanywe. Anayechuna peke yake ni mwizi, hata kama mnyama alikuwa mlangoni pake akila ng'ombe wake. Na aliyeshika ana haki yake, nusu ya ngozi.

"Mzee, sasa hii ngozi ya nguruwe nitaifanyia nini?" Opiyo alikuwa akilalamika. "Nimpelekee mama yangu avae?"

"Omera, haki ni haki. Tupa ukitaka, lakini tupa mbali na boma yangu," mzee alimjibu, akimwita ndugu kwa lugha ya kwao.​

Walikuwa wakicheka mpaka niliwasikia jikoni kwangu.

Mwaka 1992 vurugu za kikabila zilipokuja, Opiyo aliondoka juu ya lori na godoro moja. Mzee alisimama barabarani mpaka lori likapotea kwenye kona ya mikaratusi. Hakuna aliyemgusa Opiyo, lakini hakuna aliyemwambia abaki pia, na mimi ni mmoja wa hao. Koti lake la samawati lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Mzee hakulitoa.

Chui alikuja miaka miwili baadaye, mwezi wa Julai, wakati wa ukungu. Kwanza alichukua mbwa wa Robert, shemasi wetu. Kisha akachukua ndama wa mzee, ndama jike wa miezi mitano ambaye mzee alimtegemea, kwa kuwa ng'ombe wake mmoja alikuwa mzee na wa pili tasa. Chui alimburuta hadi ukingoni mwa korongo, akamla nusu, akamficha chini ya matawi.

Mzee alinisimulia baadaye jinsi alivyofanya. Asubuhi kwetu upepo hushuka kwenda ziwani, na alasiri hupanda kutoka ziwani. Alijua hilo kama ninavyojua hesabu ya kuzidisha. Kwa hiyo kabla hakujapambazuka alikaa upande wa magharibi wa mzoga, kati ya vichaka vya chai, magoti kwenye umande, majivu yakimwendea usoni kama alivyotaka. Mshale haukuwa na sumu. Alitaka mafuta ya mnyama yawe safi.

Mwanga ulipotosha kuona mkono wake, chui alikuwa ameshafika. Alisema hakumwona akija. Hapakuwa na kitu, halafu chui alikuwa pale, ameinamisha kichwa. Aliuvuta upinde, akalenga nyuma ya bega, akaachia. Chui aliruka mara moja, akapita katikati ya chai, na majani yakatulia.

Hapo vijana wengi hufa, mzee alisema. Wanakimbia kufuata. Yeye alirudi nyumbani, akachemsha chai, akanywa vikombe viwili, kisha akaanza kufuata damu kwenye majani, polepole, jani baada ya jani, mshale wa pili ukiwa tayari. Alimkuta amelala mtaroni, chini ya mkaratusi, macho wazi. Alimgusa jicho kwa ncha ya upinde. Halikupepesa.

Sasa alihitaji mtu wa kushika, na alimhitaji siku hiyohiyo, kwa sababu mchana ukungu ukiondoka jua huwa kali, na ngozi ikikaa hunyonyoka manyoya.

Alianzia kwa Robert.

"Jonah, hiyo ni kesi," Robert alisema. Mke wake ndiye aliyenisimulia maneno yao. "Watu wa wanyamapori wakija utawaambia nini?"

"Nitawaambia alikula ndama yangu. Na mbwa yako."

"Na ngozi? Ngozi ni ya serikali. Mzike, tuombe, yaishe."

"Nimzike na manyoya yake yote? Nimemwua bure kama gari linavyogonga?"

Robert alifunga mlango kwa upole. Mzee alikwenda kwa wengine wawili. Mmoja alisema anaumwa. Mwingine alimtuma mtoto aseme hayupo, na sauti yake ilisikika ndani akimfundisha mtoto la kusema.

Saa nne alifika shuleni nilikofundisha. Nilimwona dirishani akisimama chini ya mlingoti wa bendera, ametoa kofia, damu imemkauka kwenye vifundo vya vidole. Nikatoka.

"Mwalimu," akasema, "mama hashiki mguu. Sijawahi kuona. Lakini nimefikiria njiani, nikaona mwalimu ni mwalimu."

Nilijua anachoomba. Ningeweza kuwapa watoto insha nikaenda. Ni dakika kumi na tano kwa miguu. Lakini niliwaza mshahara wangu, nikawaza jina langu likiandikwa kwenye kitabu cha polisi, na mwalimu mkuu akitazama kutoka ofisini.

"Nitakuja nikitoka, mzee. Saa kumi."

Aliangalia jua. "Saa kumi," akarudia. Akachota majivu, akayaachia, akaenda.

Nilifika kabla ya saa kumi, nikikimbia sehemu ya mwisho. Nyuma ya nyumba mzee alikuwa ameinama, karibu kumaliza. Mguu wa nyuma wa chui ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya boma, na nguzo ile ilikuwa imevishwa koti la samawati, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umefungiwa pamoja na mguu.

Mzee hakugeuka.

"Umechelewa, Mwalimu. Nimepata mtu."

Nikauliza kama nimsaidie chochote.

"Huyu hachoki," akasema, akielekeza kisu kwenye nguzo. "Lakini leo hasemi sana. Na hajalalamika."

Hakupoteza kitu. Nyama, ambayo sisi hatuli, aliwakatia mbwa wa jirani. Mafuta aliyeyusha akatia kwenye kopo la Kimbo, ya kupaka magoti. Mishipa ya mgongo aliianika, akaitumia kufungia manyoya kwenye mishale mipya. Mifupa aliizika mahali ndama alipoliwa. Ngozi aliitandaza kivulini kwa vigingi, akaikwangua siku tano, akaisugua majivu na samli mpaka ikalainika kama nguo. Kisha, mbele yangu, aliikata katikati, toka shingoni hadi mkiani. Nililia kidogo, maana ilikuwa nzuri. Nusu moja akaifanya ya kukalia kwenye kigoda chake. Nusu ya pili aliifunga kwenye gunia la unga, akaitundika juu ya meko.

Watu wa wanyamapori hawakuja. Hakuna aliyemsema. Niliwahi kufikiri hilo lilimuumiza zaidi, kwamba milango yote ile ilifungwa kwa sababu ya jambo ambalo halikutokea.

Aliniomba nimwandikie Opiyo barua. Niliandika mara tatu, kwa anwani ya shule iliyo karibu na kwao. "Mwambie haki yake iko juu ya meko. Mwambie koti pia." Jibu halikuja. Mwaka 1996 nilikuwa na safari ya semina Kisumu, na mzee akaniletea gunia limekunjwa vizuri, limefungwa kwa kamba ya katani. Nilimwambia kuna vizuizi vya polisi njiani. Vilikuwepo, hiyo ni kweli. Alilichukua gunia lake akaenda nalo, na hakuniomba tena kitu chochote.

Mwaka uliofuata kifua kilimlaza hospitalini Kaplong. Nilikwenda Jumamosi asubuhi na uji kwenye chupa. Kitanda chake kilikuwa mbali na dirisha, na kopo la majivu lilibaki nyumbani, kwa kuwa manesi hawakulitaka. Vidole vyake viliendelea kusugana juu ya blanketi, kama vinaachia kitu. Alikunywa uji kidogo.

Halafu akauliza upepo unaenda wapi.

Nikaenda dirishani. Sikuwa na majivu, kwa hiyo nikatazama moshi wa jiko la hospitali. Nikamwambia unashuka, unaenda ziwani.

"Basi Opiyo anasikia harufu yetu," akasema. "Akija, mfungulie."