Kompyuta Imewafuta Akina Katana

Jamani, mkiulizwa niko wapi, semeni hamjaniona!

Leo chama cha wakulima kinagawa mbegu. Jana mimi karani niliiamuru hii kompyuta yetu mpya ifute, kwenye orodha ya watakaopewa mbegu, kila mstari unaoanza na "Kata", nikitaka kuondoa vichwa kama "Kata ya Sabaki". Ikafuta upesi, nami nikajisifu.

Asubuhi, mzee dirishani: "Mwanangu, jina langu silioni."

"Shikamoo baba. Jina lako nani?"

"Katana."

Nyuma yake, Katana. Foleni nzima hadi barabarani, Katana watupu!

Mzee akanitazama.

"Na wewe, Katana, mbegu zako utachukua wapi?"

Nimebandika karatasi hii ubaoni nikakimbilia stoo. Chekeni, lakini andikeni majina hapa chini. Nimeanza na langu.